Droo ya Kadi za Majarida

Basi lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma Inspekta alipolipiga ubavuni mara mbili kwa kiganja. Dereva akafunga breki, akatoa kichwa dirishani na maneno yake mdomoni. Alipoiona sare ya Sajenti nyuma ya Inspekta, mama mnene mwenye koti la kijivu, maneno akayameza.

Inspekta alipanda. Kiti cha kumi na nne, upande wa dirisha, alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkoba mapajani, simu mkononi. Hakuuliza kitu. Aliinuka, akavuta begi lake kutoka juu kama mtu aliyekuwa akingoja kuitwa.

Hilo Inspekta hakulipenda. Asiye na kosa huuliza kwanza.

"Wewe ndiye mtunza leseni wa maktaba ya chuo?"

"Ndiye mimi, afande."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa baba. Jumamosi asubuhi anapasuliwa jicho. Ndilo lililobaki. Hospitali imesema bila ndugu wa kutia sahihi hawamgusi, na ndugu ni mimi peke yangu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kufika kwa baba yake ni safari ya usiku mmoja. Inspekta alipiga hesabu kichwani akiwa anashuka ngazi za basi: basi la mwisho la kumfikisha binti huyu ni la Ijumaa, saa nane mchana.

Kosa lenyewe lilikuwa geni kwake. Katika miaka ishirini na miwili alishachunguza ng'ombe, maiti, mabati na hata mlango wa kanisa. Makala hakuwahi. Lakini barua ya mchapishaji, kampuni ya ng'ambo, ilikuwa wazi. Jumamosi na Jumapili, kutoka kompyuta moja ya maktaba, mtu alikuwa amepakua makala elfu kumi na moja. Leseni, yaani mkataba ambao chuo hulipia kusoma majarida mtandaoni, inamruhusu msomaji achukue anachosoma. Haimruhusu kuhamisha duka zima. Jumatatu asubuhi mchapishaji alikifungia chuo kizima. Wanafunzi wa udaktari walibaki wakitazama skrini tupu, wengine wiki moja kabla ya kutetea tasnifu zao. Kisha ikaja amri: mkosaji atajwe katika ripoti ya polisi kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo mkataba unavunjwa.

Mkurugenzi wa maktaba hakusubiri. Alifungua jalada na kumtaja mtunza leseni. Wenzake walimwita Bi Leseni, kwa kumkebehi, maana jibu lake kwa kila ombi lilikuwa "leseni hairuhusu."

Walimhojia ofisini kwake, chumba chembamba chini ya ngazi. Kila wanafunzi walipopanda juu, vumbi la chokaa liliidondokea meza. Ukutani palikuwa na kalenda yenye tarehe zilizozungushiwa kalamu nyekundu, kila duara siku ambayo mkataba fulani unakufa.

"Akaunti iliyotumika ni ya mgeni. Ya nini hiyo?"

"Ya mtu wa nje anayekuja kusoma. Leseni inaruhusu, ila awe ndani ya jengo, ajiandikishe, na nywila ibadilishwe kila Jumatatu."

"Nani hubadilisha?"

"Mimi."

"Jumatatu ya wiki iliyopita ulibadilisha?"

"Nimeandika kwenye daftari."

"Sikukuuliza umeandika nini."

Sajenti alilifungua daftari la kijani. Kila Jumatatu ilikuwa na alama ya vema na herufi mbili za jina lake. Lakini mtaalamu wa uchunguzi wa kompyuta alishasoma kumbukumbu za seva, na seva haikumwonea haya mtu: nywila ilikuwa ile ile kwa miezi minane.

"Umempa nani?"

"Sikumpa mtu."

"Jumamosi na Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Peke yangu. Nilikuwa nafua nguo za safari."

Simu yake ikalia. Kwenye kioo paliandikwa Baba. Alimtazama Inspekta, na Inspekta akaashiria kwa kidevu kwamba apokee, sauti iwe wazi.

"Umefika wapi, mwanangu?" Sauti ilikuwa ya mzee anayekaa karibu sana na simu.

"Bado kidogo, baba. Basi limechelewa."

"Mwambie dereva asiogope kukanyaga mafuta. Kipofu ni mimi, si yeye."

Binti alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Alikata simu, akajifuta kwa kiwiko, akarudia kwamba hakumpa mtu. Jioni ile akalala mahabusu.

Inspekta alirudi kwake na kichwa kizito. Ushahidi wote ulikuwa umelalia upande mmoja, na bado moyo ulimgoma. Binti alidanganya, hilo halina ubishi. Lakini alidanganya kama mtu aliyebeba mzigo wa mwingine, akiogopa kuudondosha.

Alhamisi aliagiza orodha yote ichapwe, kurasa themanini na tatu. Aliitandaza juu ya meza mbili na kuitafuna penseli yake mpaka rangi ikamganda midomoni.

"Mwizi ni mwizi, afande," alisema Sajenti. "Anakomba tu."

"Anakomba kwa mpangilio gani?"

"Mpangilio wa nini tena?"

"Hebu tazama. Si wa alfabeti. Si wa miaka. Anaanza na majarida matatu yanayotoka kila mwezi, toleo la kwanza mpaka la mwisho, moja baada ya jingine, kila toleo zima kwa mkupuo. Akiyamaliza anaingia yanayotoka kila miezi miwili. Na anachukua kila kitu. Jalada la mbele, tanzia, tangazo la kazi la miaka kumi na minane iliyopita. Mwizi gani anaiba tangazo la kazi?"

Sajenti akakuna shingo. "Labda anatafuta kazi."

"Na saa saba mpaka saa nane, siku zote mbili, kimya. Hakuna kinachopakuliwa. Mashine haiendi kula, Sajenti."

Walikwenda kwa Mkurugenzi. Alikuwa na ofisi yenye zulia, na pembeni ya meza rundo la mafaili yanayongoja sahihi, juu yake kikombe cha chai kilichoacha duara. Alisema muda unakwisha na haoni sababu ya kuchezea orodha wakati mtuhumiwa yupo ndani. Inspekta alimuuliza kama tovuti ya mchapishaji inapanga majarida kwa namna ile. Akajibu kuwa tovuti inapanga kwa alfabeti, kama dunia nzima. Kwa vipindi vya kutoka? Hakuna anayepanga hivyo siku hizi. Labda zamani, enzi za karatasi, walipokuwa na kabati la kadi za kupokelea. Lipo huko chini, hajapatikana mtu wa kulibeba.

Ukumbi wa majarida ya zamani ulikuwa umegeuzwa chumba cha kompyuta. Rafu zilikuwa zimeng'olewa, na sakafuni yalibaki makovu ya miguu yake. Pembeni kabisa lilisimama kabati fupi la chuma, likitumika kama meza ya printa. Hatua mbili kutoka hapo ilikuwepo kompyuta iliyopakua makala elfu kumi na moja.

Droo ya kwanza ilikwama. Inspekta akaivuta, goti akiwa amelikaza kwenye kabati.

Kila jarida lilikuwa na kadi yake, na kila toleo mraba wake. Toleo likiletwa, mpokeaji aliweka alama ya vema ndani ya mraba. Kadi za kila mwezi zilitangulia, zikafuata za miezi miwili, kisha za miezi mitatu, mwisho za kila mwaka. Alama za zamani zilikuwa za wino wa bluu uliofifia. Kwenye kadi za mwanzo, pembeni ya kila moja palikuwa na alama nyingine, ya penseli. Inspekta aliisugua moja kwa kidole, kidole kikatoka cheusi.

"Soma mstari wa mwisho wa orodha," alisema.

Sajenti akasoma: jarida la tano, mwaka wa kumi na moja, toleo la nne. Jumapili, saa kumi kasoro dakika tano. Maktaba hufungwa saa kumi.

Kwenye kadi ya tano alama za penseli zilikomea hapo hapo.

Sajenti hakuwa na utani tena. Alitoa unga wake na brashi, akaanza kutafuta alama za vidole kwenye vishikio vya droo.

Ijumaa saa tatu asubuhi Inspekta aliiweka kadi mbele ya binti.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wa Mzee Majarida." Sauti yake ilikuwa chini. "Alikuwa mkuu wa majarida hapa miaka thelathini. Amestaafu. Huja kila siku kusoma gazeti. Ndiye aliyenifundisha kazi."

"Na nywila?"

"Nilikuwa naibadilisha. Sasa kila Jumatatu ikawa anakuja kaunta kuuliza mpya, na akifika kwenye kompyuta ameshaisahau, anarudi tena, wanafunzi wanacheka. Mtu aliyekinunulia chuo hiki kila jarida. Nikaona niiache moja. Daftarini nikawa naweka vema tu."

"Ulijua ni yeye?"

"Jumatatu hakuja kusoma gazeti. Nikajua."

"Na ungekubali kufungwa?"

"Nilidhani atakuja mwenyewe, afande."

Saa ya ukutani ilisema tatu na dakika ishirini. Inspekta alimchukua binti garini.

Mzee aliishi nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya magari. Alifungua kabla hawajabisha mara ya pili. Alikuwa amevaa suruali ya pasi na viatu, na juu ya meza, ndani ya leso ya kitambaa, ilikuwepo diski ndogo nyeusi.

"Nilikuwa nakuja," alisema.

"Tangu Jumatatu?"

"Kila siku navaa viatu. Nikifika hapo mlangoni, miguu inagoma."

"Na mtu mwingine alale ndani kwa ajili yako?"

"Nani alale ndani?" Hapo ndipo alipomwona binti nyuma ya Sajenti, na gauni lake la safari lililokunjamana kwa sakafu ya mahabusu. "Si ulikuja hapa kuniaga Jumanne? Si uko kwa baba yako?"

"Walinishusha kwenye basi. Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

Sajenti alimsomea haki zake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza bila kuhimizwa, na Inspekta akaandika. Miaka saba iliyopita chuo kiliamua majarida yasomwe kwenye kompyuta. Ya karatasi yaondolewe, yanakula nafasi. Yeye alikataa. Akaitwa kikaoni, akaambiwa kila kitu kipo kwenye mtandao na kitakuwepo milele. Akatia sahihi.

"Tani mbili, afande. Lori lilikuja mara tatu. Yalikwenda kiwandani kusagwa, yakawa trei za mayai. Mpaka leo nikienda dukani sinunui mayai mengi. Nanunua mawili, natia mfukoni, ili nisiione trei."

"Endelea."

"Mwezi uliopita nikasoma tangazo mlangoni. Majarida kumi na tisa hayatalipiwa tena, yatafungwa mwisho wa mwezi huu. Ni yale yale niliyoyasaini. Nikajiambia, nimeua mara ya kwanza kwa kalamu, sasa nakaa kutazama yakizikwa? Nikanunua diski. Nikafungua droo zangu. Nilitaka kuyapokea upya, moja moja, kama zamani. Sikuwa naiba. Nilikuwa nahamisha."

Karakana ilikuwa inagonga bati.

"Kipengele cha kumi na mbili, mzee," alisema binti.

"Nini?"

"Mkataba. Kipengele cha kumi na mbili. Miaka tuliyoilipia ni yetu hata tukiacha kulipa. Tukiandika barua kabla ya mwisho wa mwezi, wanatukabidhi. Barua nimeiandika wiki tano zilizopita. Ipo kwa Mkurugenzi, inangoja sahihi."

Inspekta alikumbuka rundo la mafaili na duara la chai.

"Mbona hukuniambia?" Mzee aliuliza taratibu.

"Hukuniuliza."

"Ningekuulizaje? Mimi pale ni mgeni." Alisukuma diski mbele, kuelekea kwa Inspekta. "Kadi zimebaki kumi na nne na nusu," akasema, kama mtu anayekabidhi zamu.

Ripoti ilitumwa saa sita kasoro dakika kumi. Mchapishaji alifungua milango yake saa tisa. Binti alipata basi la saa nane, safari hii kiti cha nyuma kabisa, juu ya injini.

Jumamosi alitia sahihi hospitalini na baba yake akapasuliwa. Jicho linaona. Jambo la kwanza lililosemwa na baba ni kwamba binti amekonda na nywele hajazitengeneza. Aliporudi kazini alipewa barua ya onyo kwa kosa la daftari, akahamishiwa kaunta ya kuazimisha vitabu. Nywila ya mgeni sasa hubadilika yenyewe.

Mzee Majarida alikiri kosa mahakamani. Alipewa kifungo cha miezi sita nje, na amri ya kutoingia maktaba kwa mwaka mmoja. Gazeti anasomea karakanani.

Mkurugenzi aliisaini barua Ijumaa ile ile alasiri, akaiandika tarehe ya wiki tano nyuma. Ameshapandishwa cheo.

Mchapishaji alikabidhi majarida kumi na tisa baada ya miezi minne. Ni makala tupu. Majalada ya mbele, tanzia na matangazo havimo, kwa kuwa mkataba haukuvitaja.

Sajenti alikwenda mafunzo ya uhalifu wa kompyuta, akarudi na cheti. Inspekta alipewa kesi nyingine, ya mabati.

Diski ni kielelezo namba tatu. Ipo kabatini kituoni, ndani ya leso ile ile, na hakuna aliyeomba kuifungua.