Osea Anakimbia na Wimbo

Osea wa kijiji cha Hasamba alikuwa mtu wa kahawa na kwaya. Asubuhi aligeuza kahawa kwenye vichanja. Jioni aliimba besi kanisani. Sauti yake ilikuwa nene, na Mungu alimpa bila ubahili.

Lakini watoto wa njiani hawakumwita Osea. Walimwita Mzee Pikipiki.

Jina hilo alilipata mjini Vwawa, mwaka jana. Kulikuwa na mbio za kilometa kumi za kuchangia magodoro ya wodi ya wazazi. Osea alijiandikisha.

"Baba Recho, fanya mazoezi," mke wake Ferista alimwambia.

"Mazoezi ya nini? Mimi nabeba gunia la kahawa toka shambani mpaka nyumbani. Hao wa mjini wanabeba nini? Simu!"

Siku ya mbio alikula ugali sahani mbili na maharage. Akavaa viatu vipya vya kutoka Tunduma. Vilikuwa vyekundu, vizuri sana, na vilimbana. Filimbi ilipolia, alitoka kama mtu aliyekanyaga siafu. Kilometa ya kwanza alikuwa wa tatu. Kilometa ya pili maharage yakaanza kudai haki yao. Kilometa ya tatu aliketi juu ya jiwe kando ya barabara kuu, kiatu kimoja mkononi, malori yakimpigia honi.

Ombeni, kijana wa bodaboda, akampakia. Wakarudi uwanjani, wakapita palepale kwenye utepe wa kumalizia.

"Mshiriki wetu kutoka Hasamba amefika," mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "tena amekuja na usafiri wake!"

Uwanja mzima ulicheka. Osea naye alicheka, kwa meno tu.

Mwaka huu mbio zilipotangazwa tena, Osea hakwenda kujiandikisha. Ila siku moja Recho, binti yake wa darasa la nne, alirudi kutoka shule na kola imechanika.

"Umepigana na nani?"

"Na Watson. Amesema baba yangu ni mzigo wa pikipiki."

Osea akaishika ile kola iliyochanika.

"Baba, ukienda mwaka huu, ufike kwa miguu. Kama hutafika kwa miguu, usiende."

Kesho yake asubuhi akabisha hodi kwa jirani yao Tabita, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Karibu, kaka Osea. Umekuja kwa miguu?"

"Hata wewe, dada Tabita?"

"Nisamehe, ulimi umeteleza. Kaa."

Osea akamweleza yote. Tabita hakucheka tena.

"Kwanza nenda zahanati," alisema. "Una miaka arobaini na sita. Wakupime presha na sukari, wausikilize na moyo. Kubeba gunia ni kazi, lakini hakuufundishi moyo kukimbia saa nzima."

Vipimo vikatoka vizuri. Ndipo Tabita akampa somo.

"Tuna miezi mitatu. Wiki ya kwanza utakimbia dakika moja, utatembea mbili. Utaongeza kidogo kidogo. Siku nne za mazoezi kwa wiki, zilizobaki unaupumzisha mwili. Ukisikia kifua kinauma au kizunguzungu, simama, uende zahanati."

"Kutembea? Watu wataniona!"

"Walishakuona juu ya pikipiki."

Osea akakubali kutembea.

"Na mwendo wangu nitaujuaje?"

"Wewe si mwanakwaya? Kimbia ukiimba. Ukimaliza mstari mzima bila kuhema, huo ndio mwendo wako. Ukikatika katikati, punguza."

Osea akajaribu besi yake. "Bwana... Bwana... Bwana..."

"Hapana," alisema Tabita. "Hiyo hata aliyelala anaiimba. Imba sauti ya kwanza, yenye maneno."

Basi kila mazoezi, Osea alipita kati ya mashamba akiimba sauti ya akina mama kwa koo lake la besi. Siku ya kwanza mbuzi wa mzee Mbonile walikata kamba.

Vile viatu vyekundu Ferista alivigawa. Wakatafuta vingine, vyenye nafasi ya kidole gumba mbele, na Osea akavizoeza mazoezini wiki nyingi.

Siku ya mbio ikafika. Masaa mawili kabla ya filimbi alikunywa uji wa ulezi na kula kiazi kimoja. Maharage aliyaacha nyumbani. Filimbi ilipolia, watu wote wakampita. Kando yake ikaja pikipiki polepole.

"Mzee wangu," alisema Ombeni, "siti iko wazi. Mimi nakufuata tu, usiwe na wasiwasi."

Osea aliimba tu. Kwenye kila meza ya maji alipiga mafunda machache, akaendelea. Akalipita lile jiwe lake. Kijana mmoja alikuwa amelikalia, anahema.

"Tembea kidogo, mwanangu, unywe maji. Utafika."

Kilometa ya nane ilikuwa mlima. Watoto wakapiga kelele, "Mzee Pikipiki! Mzee Pikipiki!" Osea akaongeza mwendo kwa hasira. Wimbo ukakatika katikati ya mstari.

Akamkumbuka Tabita. Akatembea. Watu wakamwona anatembea, naye akawaacha wamwone. Pumzi iliporudi, wimbo ukarudi, na miguu nayo.

Nyuma yake pikipiki ikakohoa, ikazima. Kutambaa na gia namba moja toka asubuhi kulikuwa kumeichemsha injini.

"Mzee, nisubiri basi, unisaidie kusukuma!"

"Nakuombea, kijana!" Osea akajibu, akaendelea na ubeti.

Alivuka mstari wa kumalizia akiimba. Mtangazaji akasimama juu ya kiti.

"Hasamba amefika! Kwa miguu! Na nyuma yake... jamani, pikipiki inakuja, nayo kwa miguu!"

Recho alimrukia baba yake shingoni.

"Umekuwa wa ngapi, baba?"

"Sijui, mwanangu. Waulize walioko nyuma yangu."

Walikuwa tisa, na Ombeni wa kumi.

Jumatatu Watson alimpa Recho nusu ya muwa wake bila kuombwa. Na sasa, mara nne kwa wiki, Hasamba inasikia sauti mbili alfajiri. Ya kwanza ni ya Osea. Ya pili ni ya Ombeni, ambaye bado anakatika katikati ya mstari. Mzee Mbonile amenunua mnyororo wa mbuzi.