Meza ya Ndege Pembeni mwa Mtama

Jua lilipochomoza, Dorotea alikuwa tayari shambani akigonga debe kufukuza ndege. Mtama ulikuwa umeanza kukomaa. Binti yake Lucia, aliyekuwa darasa la sita, aliamshwa na sauti ya debe hilo, akafagia ua, akaenda kuchota maji, kisha akavaa sare ya shule.

Walikuwa wamerudi Giteranyi, mkoani Muyinga, baada ya miaka mingi ya ukimbizi Tanzania. Lucia alizaliwa kambini. Baba yake alifia huko huko, kwa hiyo Dorotea alilima peke yake kipande cha shamba walichorudishiwa. Jioni mara nyingi alisinzia jikoni kabla maharage hayajaiva.

Kaka yake Dorotea, Urbano, alikuwa na studio ya picha mtaani Magarama, mjini Gitega. Alipokuja kuwatembelea, alimwachia Lucia kamera yake ya zamani.

"Piga picha za ndege," alimwambia. "Zile nzuri mi nitazisafisha, nizitundike studio watu wazione."

Lakini ndege hawakutulia. Kila Lucia aliponyanyua kamera, waliruka. Ndipo akapata wazo. Alipasua dumu bovu, akalipigilia juu ya mti aliousimika nyuma ya migomba, mahali ambapo mama yake hakupita, akamwaga humo konzi ya mtama kutoka kwenye kapu la jikoni. Akajificha, akangoja.

Walianza kuja tetere. Wakafuata chiriku, kisha ndege wa manjano wanaosuka viota, wakaja kwa makundi. Lucia alipiga picha asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya kazi. Kila konzi ilipokwisha, aliongeza nyingine.

Baada ya muda, jirani yao Anisia alikuja akiwa ameshika masuke mawili matupu.

"Mama Lucia, huku kwako ndege iko mingi sana. Inamaliza kwako, inakuja kwangu. Kuko nini?"

"Hata mimi sijui, dada," alijibu Dorotea. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele kutwa. "Wanaanzia upande ule wa migomba. Nikiwafukuza, wanarudi."

Lucia alikuwa akichambua mboga karibu nao. Alijua wanachofuata. Akainama, akaendelea kuchambua.

Siku iliyofuata alipata picha aliyokuwa akiitafuta: ndege wa manjano, mabawa wazi, punje mdomoni. Aliitazama kwenye kioo cha kamera kwa furaha. Kisha akaona kitu kingine. Kwa mbali, kupitia kati ya migomba, mama yake alionekana ameketi chini shambani, kichwa kimelalia bega, debe limeanguka miguuni. Alikuwa amelala. Juu yake, ndege walikuwa wamejaa kwenye mtama.

Lucia hakupiga picha nyingine. Alikwenda, akachuchumaa mbele ya mama yake, akamgusa mkono.

"Mama, ni mimi ninayewaita."

"Unawaita akina nani?"

"Ndege. Nimewawekea chakula kule nyuma. Mtama wa kapuni. Na jana Mama Anisia alipouliza, nilijua."

Dorotea aliokota debe, akasimama. Hakumgombeza, labda hakuwa na nguvu ya kugombeza. "Nionyeshe," alisema.

Waling'oa ule mti pamoja. Hata hivyo ndege hawakuondoka siku hiyo, wala siku iliyofuata, kwa kuwa walikuwa wamezoea. Lucia aliamka gizani akagonga debe hadi saa ya shule, na aliporudi alilichukua tena ili mama yake apumzike. Mikono ilimuuma, koo likamkauka, darasani akawa anapigana na usingizi. Alikwenda pia kwa Anisia kuomba radhi. Polepole makundi yakapungua.

Mavuno yalikuwa haba, lakini yaliwatosha hadi msimu mwingine. Urbano alikuja kutoka Gitega kusaidia kupura. Jioni aliziangalia picha, moja baada ya nyingine.

"Nzuri hizi, nitazisafisha. Mbona ziliishia hapa?"

Dorotea aliendelea kupepeta. Lucia akaeleza mwenyewe, kuanzia dumu hadi masuke ya Anisia. Alipomaliza, Urbano alimgeukia dada yake, naye akaweka chini ungo aliokuwa akipepetea.

"Kuwalisha ndege si dhambi, mwanangu," alisema Dorotea. "Hukujua kwamba watashuka shambani. Lakini ulipojua, ulinyamaza, na mimi nikaendelea kukimbia na debe. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Mtu anayehangaika kwa kosa lako asichoke bure wakati wewe una la kumwambia."

"Nimesikia, mama."

"Haya. Sasa mpishe mjomba wako hapo, nitandike mkeka. Leo tulale mapema sote."