Bega la Kushoto

Njia ya katikati, ndani ya jengo la maduka ya vifaa vya umeme, ilikuwa imejaa watu hadi pumzi zinagombania nafasi. Spika zilipiga muziki wa kila namna, wauzaji waliita wateja kwa maneno na kwa mikono. Katikati ya kelele hizo alipita mwanamke mmoja aliyevaa gauni la kijani kibichi alilojishonea mwenyewe, kiuno kimekaa mahali pake, shingoni ananing'iniza futi ya kupimia aliyosahau kuivua alipotoka kazini. Mbele yake alikuja kijana mrefu mwenye shati jeupe, begi la vifaa begani, waya wa chaja shingoni. Wakapishana. Yaani walijaribu kupishana, maana futi ilijizungusha kwenye chaja, chaja ikaivuta futi, na wote wawili wakajikuta wamefungwa shingo kwa shingo kama mbuzi wa mnadani.

"Dada, polepole, utaninyonga!"

"Nikunyonge mimi? Nani kakwambia utembee na chaja shingoni?"

"Na wewe nani kakwambia utembee na futi?"

"Mimi fundi cherehani."

"Na mimi fundi kompyuta. Basi hakuna wa kumcheka mwenzake."

Walicheka wote wawili huku wakifunguana, na kufunguana huko kulichukua muda mrefu kuliko ilivyolazimu. Mwanamke alikuwa anatafuta kompyuta ndogo, ya kukaa kando ya cherehani bila kumlia nafasi. Violezo vyake, zile karatasi anazokatia nguo, vilikuwa vinaliwa na panya na kuozeshwa na unyevu, naye alikuwa amechoka kuchora upya miili ya watu aliokwisha kuwapima.

"Mungu hamtupi mja wake," kijana alisema. "Duka langu lile pale. Hapa wananiita Chaji."

"Na chumba changu cha kushonea kiko nyuma ya posta. Uilete mwenyewe, uniwashie mwenyewe."

Aliileta kesho yake. Ilikuwa ya rangi ya majivu, nyepesi kuliko pasi ya chumbani humo. Mama mzazi wa fundi, aliyekuwa akishona vifungo karibu na dirisha, alivaa miwani kuitazama.

"Hii ndiyo kompyuta? Au mtoto wake?"

"Ndiyo yenyewe, Mama," Chaji akasema. "Akili haina umbo kubwa."

Alitaka kuiandaa yote haraka kama alivyozoea dukani, lakini mwenye mali alimpiga kibao mkononi. Yeye mwenyewe ndiye aliyebandua ile nailoni ya kwenye kioo, akachagua lugha, akarekebisha saa, akaiunganisha na intaneti ya simu yake, kidole kimoja kikitafuta herufi kama kuku anayedonoa mtama. Mashine ikauliza jina la mwenye kompyuta. Akaandika: FUNDI MKUU.

"Makubwa!" Chaji akasema.

"Kwani uongo?"

Haukuwa uongo. Mji mzima ulijua kwamba mwanamke huyu anawashonea watu ambao nguo za dukani zimewakataa: mwenye kibyongo, mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye kitambi kilichoelemea upande. Kwake wote walitoka wamenyooka, wakajitazama kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa nje.

"Sasa weka neno la siri," Chaji alisema.

"Geuka."

"Fundi Mkuu, mimi ni mtu wa kuaminika."

"Ndiyo, unaaminika. Geuka."

Akageuka, akajikuta anatazamana na sanamu ya kuvalishia nguo, ile isiyo na kichwa. "Shikamoo," akaiamkia. Mama alicheka hadi vifungo vikamwagika.

Tangu siku hiyo somo halikwisha. Chaji alikuja kumfundisha kuchora kwa kipanya, akaja kumfundisha kuhifadhi faili, akaja kumfundisha mambo ambayo mwanafunzi alikwisha kuyajua zamani. Jioni simu ililia.

"Fundi Mkuu, mashine haijambo?"

"Haijambo. Umepiga kuiulizia mashine?"

"Nimeanza na mashine ili nisionekane sina adabu. Wewe je, kipenzi?"

"Mimi nimewashwa, naona siwezi kuzimika."

Walipendana, tena hadharani, bila kumwonea mtu haya. Na siku kompyuta ilipoanza kuwa nzito, fundi akaipeleka dukani, akamsogelea Chaji sikioni, akamnong'oneza neno la siri. Kwa mwanamke yule hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko busu.

Wakati huo alikuwa na kazi moja iliyomkosesha usingizi kwa furaha. Kulikuwa na mtangazaji wa redio ambaye sauti yake ilijulikana kila nyumba, lakini sura hakuna aliyeijua. Sasa televisheni ilimwita asome habari za jioni. Bega lake la kushoto lilikuwa juu kuliko la kulia tangu kuzaliwa, na maisha yake yote alilifunika kwa mtandio. Alikuja kwa fundi na kitambaa cha buluu iliyoiva, cha mwisho katika jora lake.

"Nataka koti," alisema. "Nataka siku hiyo nikae mbele ya watu bila mtandio. Utaweza?"

"Dada yangu, nisipoweza mimi, waambie wazime kamera."

Alimpima bega moja moja, akachora kiolezo kwenye kompyuta, upande wa kushoto ukiwa mrefu na mpana kuliko wa kulia. Alikiangalia kwa fahari. Kilikuwa kiolezo chake cha kwanza kilichokamilika bila karatasi.

Mchoro huo ndio Chaji alioukuta kompyuta ilipofika dukani kwake. Alikwisha kuisafisha mashine, ikawa inakimbia, na moyo ulikuwa umemjaa mapenzi na sifa, kwa kuwa asubuhi hiyo Mama alimwita mkwe mbele ya wateja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alitazama ule mchoro, akaona upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, akatabasamu. Maskini mpenzi wangu, aliwaza, mkono wake bado haujazoea kipanya. Akaufuta upande wa kushoto, akaunakili wa kulia, akaugeuza, akaubandika. Pande zikawa sawasawa kama mapacha. Nakala ya mchoro wa zamani aliiweka pembeni kama afanyavyo kwa kila mteja, na kwenye skrini akaweka picha yao wawili wakicheka. Kisha akapiga simu.

"Mpenzi, ndani nimekuwekea zawadi. Usiniulize, utaiona mwenyewe."

Fundi alipoiwasha akaiona picha, akaibusu skrini, akadhani zawadi ndiyo hiyo.

Siku ya kurusha matangazo ikasogezwa karibu, kazi ikawa ya haraka. Fundi akapeleka faili kwa wachapaji wa ramani za nyumba, karatasi kubwa ikarudi imekunjwa, akaitandaza juu ya kitambaa na kukata. Na tuseme ukweli, siku hiyo hakulinganisha pande wala hakuweka futi. Aliiamini kompyuta kwa sababu alijivuna nayo.

Mtangazaji alivaa koti mbele ya kioo. Kola ikamkaba upande mmoja. Begani kitambaa kilivutika hadi kikaonyesha kila uzi, na pindo la chini likakaa mshazari. Ile sauti ambayo watu walizima majiko ili waisikie ilitoka ndogo kabisa.

"Si kosa lako, fundi. Mimi ndiye niliyeumbwa hivi. Nipe mtandio wangu."

Alipotoka, fundi alifungua kompyuta. Akauona mchoro. Akapiga simu.

"Chaji, nani amegusa kazi yangu?"

"Umeiona zawadi yangu? Nilitaka kukufurahisha, roho yangu. Mchoro ulikuwa umepinda, nikaunyoosha."

"Ulikuwa umepinda?"

"Upande wa kushoto ulikuwa juu, nikajua kipanya kimekuteleza..."

"Kuna mtu ana bega kama lile, Chaji! Nilimpima kwa mikono yangu. Ametoka hapa sasa hivi, amejifunika."

"Sikujua," Chaji alisema.

"Ulikuwa na simu mkononi. Kuuliza si ujinga. Lakini wewe hukuuliza, kwa sababu ulishaamua mimi sijui kuchora."

"Ninayo nakala ya ule wa zamani, nitakuletea..."

"Usilete kitu. Nilikupa neno langu la siri, Chaji, ukaingia ukanisahihisha."

Akakata simu. Hapohapo akabadilisha neno la siri, akaiondoa picha yao kwenye skrini, kisha akakaa chini ya meza ya kukatia akalia kwa uchungu na kwa hasira, maana alimpenda yule mtu na bado alitamani kumnyonga na chaja yake.

Simu ililia ikachoka. Mama aliiacha ilie, akaja na kikombe cha maji.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kitambaa kimekatwa, hakijachomwa moto."

"Bega halitoshi, Mama. Na jora limekwisha."

"Kama halitoshi, liongeze."

"Kwa kitambaa kingine kila mtu ataona kiungo."

"Waone. Kwani umeiba?"

Fundi alinyanyuka. Alikitazama kile kitambaa kwa muda, akavuta kutoka kwenye kabati hariri nyeusi aliyokuwa ameiweka iwe bitana ya ndani. Safari hii aliweka futi kwanza. Kisha akakaa mbele ya kompyuta, akachora peke yake: kipande kipana cha hariri kinachoanzia shingoni, kinapanda juu ya bega la kushoto kwa kadiri linavyopanda, kinateremka kifuani hadi kiunoni. Ile nakala ya Chaji hakuihitaji. Kipanya hakikuteleza hata mara moja.

Akamwita mtangazaji. "Njoo. Mtandio uache nyumbani."

"Fundi, usinitie moyo bure."

"Njoo ujione. Ukikataa, nitalivaa mwenyewe nikasome habari."

Alipovaa, koti lilimkaa. Ile hariri iling'aa juu ya bega la kushoto, na bega lenyewe likasimama pale juu kama limewekwa kwa makusudi. Mtangazaji alijigeuza huku, akajigeuza kule.

"Nilitaka lisionekane," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Sasa nataka walione."

Jioni ya matangazo Mama alisikia hodi. Mlangoni alisimama Chaji, ndevu hazijanyolewa, shati halijapigwa pasi, shingoni hana chaja.

"Mama, sikuja kusumbua. Nataka kulitazama lile koti pamoja na aliyelishona. Akinifukuza, nitaondoka."

"Mimi sifukuzi mtu saa ya habari," fundi alijibu kutoka ndani bila kugeuka.

Kompyuta ndogo ilikuwa juu ya meza ya kukatia. Picha ilikwama kabla hata ya habari kuanza. Chaji akaifumbata mikono yake nyuma ya mgongo, akaing'ang'ania hapo. Fundi aliizima mashine, akaiwasha upya, ikataka neno la siri.

"Geuka."

Aligeuka upesi kuliko askari. "Shikamoo," aliiambia sanamu isiyo na kichwa. Nyuma yake alisikia kicheko kidogo kilichozuiwa, na roho yake ikarudi mahali pake.

Kisha ile sauti ikajaa chumbani, na sasa ilikuwa na mwili. Buluu iliyoiva, hariri nyeusi, bega la kushoto juu. Mtangazaji alisoma habari akiwa amekaa wima, anaangalia watu machoni. Mama alipiga vigelegele mtaa mzima ukasikia. Fundi Mkuu alisimama na kuweka mikono kiunoni.

"Ile ni kazi yangu," akasema.

"Ni kazi yako," Chaji akasema. "Nami nusura niiharibu kwa kudhani naijua. Ninaona fahari, na ninaona aibu. Nisamehe."

"Na mimi sikuweka futi." Alilisema kwa shida, kama mtu anayetoa sindano kidoleni. "Kosa lako nililikata mwenyewe kwa mkasi wangu. Nimekusamehe. Lakini siku nyingine, uliza."

"Basi nauliza. Utanishonea koti?"

"La nini?"

"Nataka kumwendea mama mmoja nikamwombe binti yake. Siwezi kwenda na nguo ya dukani."

"Mama mwenyewe hajawa kiziwi," ilisema sauti ya dirishani.

Fundi alivua futi shingoni, akampima kifua, akampima mikono, akapita nyuma yake kumpima mabega. Vidole vyake vilikaa hapo.

"La kulia limeshuka."

"Ni lile begi la vifaa. Miaka yote nalibeba upande huo. Liandike kama lilivyo."

Akakaa kwenye kompyuta, akachora. Mstari wa kushoto ukapanda, wa kulia ukashuka. Chaji aliinama kutazama, mkono wake ukatoka wenyewe kukielekea kipanya, ukasimama hewani, ukarudi mfukoni.

"Naomba kuuliza. Hiyo tofauti ni ya makusudi?"

"Ni ya makusudi."

"Imependeza."

Alipomaliza akabonyeza kuhifadhi, na mashine ikamwuliza faili iitwe nani. Alifikiri kidogo, uso umeelekea skrini ili asionekane anavyotabasamu. Kidole kimoja kilitafuta herufi, safari hii bila haraka yoyote, akaandika: KOTI LA HARUSI.