Matanga ya Fundi Doto

Doto, fundi simu wa Kwihara, alikutwa amekufa ndani ya bani la kukaushia tumbaku, uso kaubandika kwenye ufa wa mlango kama anayetafuta mtandao. Mlango ulikuwa umekingamizwa gogo kwa nje.

"Masizi yamejaa mapafuni," daktari alimwambia Inspekta Mwanamkuu. "Moto ulipowashwa alikuwa hai."

Mwanamkuu aliuma meno. Kituoni, hasira ikatiwa mbolea: bosi wake alikuwa ameshamweka mahabusu Saidi, mwenzake Doto wa kibanda cha simu.

"Ana VPN kwenye simu," bosi alisema.

"Na mauaji?"

"Anayevunja sheria ndogo hashindwi na kubwa. Kesho anapandishwa kizimbani."

"Kwa hesabu hiyo, afande, nusu ya Tabora ni wauaji."

Akashuka mahabusu. Saidi alikuwa na macho mekundu.

"Doto aligombana na nani?"

"Emilian, afande. Mwenyekiti wa chama chetu cha tumbaku. Alimchapa mzee mmoja bakora ghalani, kisa kauliza kwa nini tumbaku yake imeshushwa daraja. Doto akarekodi video, akairusha kwenye ule mtandao wa kijamii uliofungwa na serikali."

"Uliofungwa kaufikiaje?"

"Si ndiyo VPN! Simu iko Kwihara, inajifanya iko Uholanzi. Na Doto bila mzaha si Doto. Akamtia mwenyekiti masikio ya punda."

"Nani kakuchongea?"

"Mwenyekiti huyo huyo."

Emilian alipohojiwa alitabasamu kama picha ya kampeni.

"Video uliiona?"

"Niione wapi? Mtandao umefungwa. Mimi raia mwema, VPN sigusi."

"Bani ni la nani?"

"La chama. Kila mtu anaingia."

Mwanamkuu alitoka akiwa amekunja ngumi. Jioni akaenda matangani. Yeye Mzaramo wa Kisarawe, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Msibani mtani hutukana wafiwa na marehemu, na mtani hakasirikiwi.

"Shikamoo mama," alimwambia Nyamizi, mama wa marehemu. "Nipe ruhusa niwatanie."

"Marahaba. Tania, mwanangu. Tangu jana machozi yamenikwama."

Mwanamkuu akajifunga kanga kibwebwe, akasimama katikati ya waombolezaji.

"Wanyamwezi nyie! Mizigo mliifikisha pwani, akili mkaiacha njiani! Na huyu Doto wenu, fundi gani? Kamtia mwenyekiti wa watu pembe za mbuzi kwenye video, tena zimekaa upande!"

Watu wakaangua kicheko. Nyamizi akacheka, kisha akalia. Emilian, aliyekuwa amekaa na wazee, ndiye pekee aliyeinuka, mishipa imemtoka shingoni.

"Pembe gani wewe mwanamke? Masikio! Masikio ya punda, na yalikuwa yanacheza!"

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Mwenyekiti," mzee mmoja alisema taratibu, "leo mtani anakasirikiwa?"

"Acha akasirike," Mwanamkuu alisema. "Raia mwema, mtandao umefungwa. Umeyaona wapi yakicheza? Lete simu."

VPN ilikuwemo, aliyemwekea ni Doto mwenyewe. Ulikuwemo na ujumbe ambao Emilian alimtumia Doto siku ya kifo: *Njoo banini, Uholanzi imegoma.*

Kwenye chumba cha mahojiano Mwanamkuu aliiweka simu mezani mbele ya Emilian.

"Nilimwomba aifute," Emilian alisema. "Akanicheka. Nikakingamiza gogo, nikachochea kuni."

"Alipiga kelele?"

"Alipiga."

"Na ukaondoka."

"Wakulima walikuwa wananililia kama punda nikipita! Bakora wangezisahau, inspekta. Masikio yale wasingeyasahau."

Mwanamkuu alisukuma kiti kwa kishindo, akatoka kabla mkono wake haujamponyoka. Akachukua ufunguo, akamfungulia Saidi.

Bosi akamzibia njia koridoni. "Na kesi ya VPN?"

"Ifungue wewe, afande. Mshtakiwa wa kwanza ni Emilian." Akamshika Saidi mkono. "Sisi tunaenda kuzika."