Kikohozi cha Ashrafu

Yaliyompata shoga yangu Mwantum wa Misigiri, kule bara, yaacheni tu. Alikwenda Lindi kumwona wifi yake, akasikia nyangumi amekufa ufukweni. Mjukuu wake Ashrafu alikuwa na kikohozi cha kubana kifua, na watu husema mafuta ya nyangumi ni dawa. Akachukua kopo, akaenda.

Lo, uvundo ule! Mafuta ya njano yalichuruzika kama usaha, funza wakichemka kwenye nyama. Mwantum alitapika mpaka nyongo.

Mzee mmoja aliyekuwa akikata minofu akamcheka. "Mama wa bara, ingiza mkono! Au unangoja akukaribishe?"

Akaingiza kopo kwenye tundu walilotoboa ubavuni, kwenye giza la vuguvugu, utelezi ukimpanda hadi begani. Humo ndani, mbali, kitu kikakohoa mara tatu, kikavuta pumzi kwa mluzi. Kikohozi hicho alikijua. Miaka minne alikuwa akikibeba mgongoni.

Simu ikaita, akaipokea kwa mkono mwingine. Alikuwa Maryam, mama wa mtoto, na sauti yake ilijaa furaha. "Mama, Ashrafu tangu alfajiri hajakohoa kabisa! Amelala kimya."

Mle ndani kikakohoa tena, sasa karibu kabisa na vidole vyake.