Aliyeingia Kwanza

Mambo haya aliniambia mjukuu wangu mwenyewe Jumamosi asubuhi, mimi napiga pasi na yeye amejiinamia mlangoni, anaongea na sakafu. Ya mwisho niliyaona mwenyewe. Shuleni wanamwita Mrefu. Binti anayempenda wanamwita Kiranja, maana ndiye kiranja wa darasa lao. Wote wako mwaka wa mwisho wa sekondari.

Ijumaa walikuwa kwenye benchi la chuo cha uuguzi, wamevaa sare, wanasubiri kuitwa kwenye usaili.

"Acha kutikisa mguu, benchi zima linacheza," Kiranja alimwambia.

"Nimesahau kila kitu."

"Wakikuuliza kwa nini unataka uuguzi, sema ukweli. Ukweli huna haja ya kuukariri."

"Wewe unao wa kusema."

"Na wewe sema wako."

Siku iliyotangulia walikaa kwenye ngazi za shule wakifanya mazoezi ya maswali. Mrefu alijifanya mwenyekiti, kakunja uso kama mtu anayeumwa jino, akamuuliza mwenzake kwa nini anataka kuwa muuguzi. Binti akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba babu yake alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona, na yeye, akiwa bado mdogo wa shule ya msingi, ndiye aliyekisafisha kila asubuhi. Babu alimtaka aimbe wakati anamsafisha, ili asahau maumivu. Lakini asubuhi moja harufu ilimshinda. Akatoka mbio, akaenda shule bila kumfunga kidonda. Babu akajaribu kujifunga mwenyewe, akaanguka, na tangu hapo hakusimama vizuri mpaka alipofariki.

"Nikiwa muuguzi sitakimbia tena," binti akamalizia. "Usinicheke."

"Nikucheke kwa lipi? Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu. Na kesho hao wakubwa."

Basi, hiyo Ijumaa mlango ukafunguliwa, akaitwa Mrefu kwanza.

Ndani kulikuwa na watu watatu nyuma ya meza. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa makamo, miwani imemshukia puani.

"Haya kijana, kwa nini uuguzi?"

Kichwa kikawa kitupu. Sababu yake ya kweli ilikuwa imekaa nje kwenye benchi, na hiyo aliona aibu kuitaja. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Babu yangu alikuwa na kidonda mguuni."

Akasimulia yote, na nyimbo akaweka, na sauti ikatetemeka panapotakiwa. Mama mwenyekiti akavua miwani, akajifuta macho. Ile asubuhi ya kukimbia tu ndiyo Mrefu aliiruka.

Alipotoka, Kiranja alimdaka mlangoni.

"Umewaambia nini?"

"Ya kawaida tu."

"Ya kawaida ndiyo yapi?"

"Nenda, wanakuita."

Nafasi ya kumwambia ilikuwepo, palepale mlangoni. Akamtazama mgongo tu.

Kiranja hakukaa sana ndani. Alitoka ameshikilia fremu ya mlango.

"Wamenikatiza," akasema polepole. "Yule mama kaniambia, 'Binti, hii tumeisikia sasa hivi, na aliyeingia kwanza ameisimulia vizuri kuliko wewe.' Nikasema ni babu yangu. Mmoja akasema, 'Angalau ungebadilisha mguu uwe mkono.' Wakacheka."

Mrefu akatazama viatu vyake.

"Niambie si wewe."

Akafungua kifungo cha kola, akakifunga tena.

"Mrefu. Sema si wewe, nitaamini."

"Nilikwama," akasema.

"Ukakwama, ukamchukua babu yangu."

Benchi zima lilikuwa linasikiliza, wengine wakijifanya wanasoma matangazo ukutani. Kiranja akaondoka bila kugeuka.

Mrefu alimpigia njia nzima, simu haipokelewi. Jioni akatuma ujumbe: "Nisamehe. Nakupenda, nilitaka tuwe chuo kimoja."

Jibu likaja: "Ungenipenda ungekubali kukwama."

Aliponifikisha hapo, pasi ilikuwa imeshaunguza kola.

"Umelala wewe?" nikamuuliza.

"Sijalala, bibi. Nikifumba macho namwona yule mama anavua miwani."

"Na nafasi ya binti wa watu?"

"Imekwenda. Wanamaliza usaili leo mchana, basi."

"Leo mchana, na wewe uko hapa unaniambia mimi. Mimi ndiye mwenyekiti?"

"Nitasemaje mbele ya watu, bibi?"

"Uongo ulisemaje?"

"Watanifuta."

"Watakufuta. Shika shati lako. Kola imeungua, utavaa hivyohivyo."

Nikaenda naye. Mlango wa usaili ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Mimi na vijana wengine tulikuwa kwenye benchi, na kila neno lilitufikia.

"Umesahau kitu?" mama mwenyekiti akamuuliza.

"Hapana, mama. Yule babu si wangu. Ni wa binti aliyeingia baada yangu. Aliniambia mimi kwa siri, nikamwibia."

Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Nitajuaje kwamba uongo si huu wa leo, unamwokoa mpenzi wako?"

"Kuna asubuhi moja alimkimbia babu yake. Alifika hapo?"

"Tulimkatiza."

"Muulizeni. Mimi niliiruka. Niliona itaniharibia."

"Ilikuwa ya kwake, bado ukaona itakuharibia wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa sababu yako wewe ni ipi?"

"Sina. Nilikuwa namfuata yeye."

Kwenye benchi msichana mmoja akataka kucheka, nikamtazama, akaacha.

"Hapa huna nafasi," mama akasema. "Mpigie mwenzio aje kabla hatujafunga."

"Hapokei simu zangu."

"Basi nampigia mimi. Kaa nje."

Kiranja alikuja mbio, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Mrefu akainuka, binti akampita kama nguzo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, wanakungoja."

Safari hii alikaa sana. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Wamenichukua," akaniambia mimi.

"Hongera," Mrefu akasema kwa nyuma.

Hapo ndipo akamgeukia. "Unajua kilichoniuma? Nilikupa babu na aibu yangu pamoja. Wewe ukachukua babu, aibu ukaniachia."

"Najua."

"Sijakusamehe."

"Najua."

Akamtazama kola. "Hilo shati limefanyaje?"

"Bibi kaliunguza."

"Afadhali." Akaanza kushuka ngazi, akasimama. "Jumatatu darasani usikae dawati langu. Hesabu nitakufundisha, maana mtihani uko karibu na wewe hujui kitu. Ya kwetu usiniulize tena."

"Mpaka lini?"

"Ukiuliza mpaka lini, na hesabu naacha."



Tulirudi nyumbani jua bado linapiga dirishani. Akajitupa kitandani kwangu na viatu vyake.

"Bibi, wale wa kwenye benchi walisikia?"

"Walisikia."

"Wote?"

"Mlango ulikuwa wazi, baba."

Akajifunika shuka mpaka usoni. Nikamvua kiatu kimoja, nikamvua cha pili.

"Bibi, kesho nikikutana nao njiani..." akaanza kusema, neno likamfia mdomoni. Alikuwa ameshalala. Nikajinyoosha kwenye kiti pembeni yake, nikalala na mimi.