Jina Alilonyamazia Mtoto

Asubuhi ile Tabita alipopangusa kiti cha marehemu Bibi Otilia alikikuta kina joto, kana kwamba mtu ameinuka hivi punde. Akajiambia ni jua. Jua gani, na Mbozi nzima ilikuwa ndani ya ukungu! Lakini mwenye shida yake mgongoni hana nafasi ya kushangaa viti.

Shida yenyewe ilikuwa kitoto chake cha kike, kilicholia tangu kuzaliwa na kukataa ziwa. Wanyiha wanajua dawa ya kilio hicho. Mtoto hutajiwa marehemu wa ukoo mmojammoja, na yule atakayemnyamazia ndiye mwenye jina na mlinzi wake. Mama mkwe wake, Enesi, alishataja wa kuumeni, akataja wa kukeni, hata waliozikwa ng'ambo ya mpaka. Wapi! Mchungaji asingefurahi kusikia habari hizo, lakini si mchungaji aliyekuwa anakaribia kufiwa. Sauti ya mtoto ilikuwa inakatika.

Kazi nayo haikungoja. Bibi Otilia alikuwa Mzungu mtunzi wa riwaya, aliyefia katika nyumba ile ambamo Tabita alikuwa mtumishi, enzi za Wajerumani, bila mume wala mtoto. Kila mwaka wake za walowezi wa kahawa walikusanyika humo na keki zao kuwaadhimisha wanawake watunzi wa karne iliyopita. Walisoma kurasa, wakafuta machozi kwa leso. Haya, kila watu na matambiko yao, ila wao hawakuliita tambiko, ndiyo maana hawakujihadhari.

Siku hiyo Tabita alikuwa akimimina chai, mtoto mgongoni, pale memsahibu mmoja alipoinua glasi na kuanza kuwataja watunzi marehemu, wenzake wakiitikia. Mtoto alilia jina hili, akalia na lile.

"Otilia," akasema memsahibu.

Mtoto akanyamaza.

Wale wanawake walidhani amesinzia. Tabita alikimbilia jikoni, akamweka ziwani, na mtoto akanyonya kwa nguvu mpaka mama akalia kwa furaha. Enesi alipoambiwa hakufurahi hata kidogo.

"Huyo si wa ukoo wetu," alinong'ona. "Aliyekufa bila mtoto haji kulinda mtoto. Anakuja kumchukua awe wake."

Na kweli, mtoto alinenepa, lakini alianza kunuka waridi lililooza, na mchana kweupe alikuwa akicheka na mtu nyuma ya bega la mama yake, na Tabita akigeuka haoni mtu, ila anasikia pumzi, na juu ya pumzi hiyo wimbo wa kubembeleza katika lugha isiyo Kinyiha wala Kiswahili, ukishuka toka darini polepole mpaka sikioni kwake. Tabita aliogopa hata kumwogesha mwanawe.

Enesi akamleta mganga, Mzee Tuntufye, kutoka upande wa Itumba. Mzee alimwogesha mtoto majani mlangoni, akamvua jina lile, akamwamuru mgeni arudi kwake. Harufu ikakatika papo hapo. Kisha akamkazia macho Tabita.

"Atalia, mama. Mwache alie mpaka jina la ukoo limshike. Mkilitaja lile tena, mmemkabidhi kwa vinywa vyenu, na mimi sitaweza kumrudisha."

Mtoto akalia. Enesi akataja majina upya mpaka akakaukiwa, akatoka kwenda kuwauliza wazee wa ukoo kama kuna marehemu aliyesahauliwa. Tabita akabaki peke yake, mumewe Lusubilo yuko migodini ng'ambo, na mtoto akalia mpaka midomo ikapasuka, akalia mpaka sauti ikaisha ukabaki mdomo wazi tu usiotoa kitu, na utosi ukabonyea, na macho yakaanza kupanda juu, na Enesi harudi, na ziwa limejaa linauma na halitakiwi. Mama gani angevumilia? Nitajie mmoja.

Alijilaza kitandani kando ya mwanawe, akainamia sikio lake.

"Otilia," akanong'ona.

Mdomo wa mtoto ukafumba. Macho yakashuka, yakatulia. Tabita akafungua kanga haraka, akamsogezea ziwa. Ndipo kitanda kilipobonyea upande wa pili, taratibu, kama vile mtu mzima anajilaza. Mtoto aligeuza kichwa, akampa mama yake kisogo, akaanza kunyonya kule kusiko na mtu, na Tabita akasikia maziwa yakipita kooni mwa mtoto.